Nguvu ya kubana kwa kiganja kama kipimo cha afya, na hii tabia yetu ya kuwanyang'anya wazee kazi kwa heshima

Koleo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, na wale wa shikamoo, shikamoo zenu.

Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hospitali fulani ya mkoa, haina haja ya kuitaja. Idarani kwetu kuna kidude kinaitwa dainamomita, wengi wakikiona wanadhani ni cha presha kwa vile kina saa ya mshale. Unakishika, unakibana kwa nguvu zako zote sekunde tatu hivi, mshale unasema umebana kilo ngapi, kwisha. Hakuna sindano, hakuna njoo kesho uchukue majibu. Sasa nimeshaona wazee wengi sana wanapimwa presha, sukari, uzito, wanatoka na bahasha ya dawa na hakuna hata mmoja aliyewapa mkono akasema hebu nibane mzee nione.

Kwa nini nasema ni jambo kubwa. Kuna utafiti unaitwa PURE, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Watu karibu 140,000 wa miaka 35 mpaka 70 kutoka nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zimo, kwa hiyo msije hapa na ile ya "utafiti wa wazungu". Wakabanishwa, wakafuatiliwa kama miaka minne. Kila kilo 5 za kubana zilizopungua ziliendana na hatari ya kufa kupanda asilimia 16, vifo vya moyo na mishipa asilimia 17, kiharusi 9, shambulio la moyo 7. Na kilichoshtua watu ni kwamba kubana kulibashiri vizuri zaidi nani atakufa kuliko ile namba ya juu ya presha ilivyobashiri.

Mwingine ninaoupenda zaidi mimi ni wa Honolulu kule Hawaii. Wanaume zaidi ya 6,000 wenye asili ya Japani, wa miaka 45 hadi 68, wazima kabisa, walibanishwa kati ya 1965 na 1970. Miaka 25 baadaye wakaenda kuwaangalia waliobaki hai wanaishije. Wale waliokuwa na mkono dhaifu wakiwa watu wazima wenye kazi zao ndio walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kushindwa kujihudumia uzeeni, kuoga, kuvaa, kwenda chooni wenyewe. Yaani habari ya uzee wako ipo mkononi mwako ukiwa na miaka 50 na bado unajiona kijana.

Nimeleta uzi kwa sababu naona kwetu tatizo tunalitengeneza wenyewe majumbani. Nitarudi kwenye hilo, kwanza niwasikie.

chuma_cha_pua

Siti ya mbele, tiririka mkuu.

MtotoWaMama88

Kwa hiyo mama yangu aache dawa za presha aanze kubana midude? Maana umesema kubana ni bora kuliko presha.

Koleo

HAPANA jamani. @MtotoWaMama88 soma tena taratibu. Nimesema kubana kunabashiri, sijasema kunatibu. Presha tunaipima kwa sababu ikiwa juu tuna dawa ya kuishusha na ikishuka mtu anaepuka kiharusi, hiyo imethibitishwa miaka na miaka. Mama aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa na asiache hata siku moja kwa ajili ya uzi wa Koleo.

Fundi_Sugu

Mimi napinga. Sisi mafundi ujenzi mikono yetu ni chuma, nondo tunakunja, na bado tunakufa mapema tu, ajali, vumbi, pombe, matibabu hakuna. Mkono ungekuwa unaongeza maisha mafundi wangeishi miaka 100.

Koleo

@Fundi_Sugu hoja yako nzuri na wala haipingani na nilichosema. Namba za namna hii ni za watu wengi wakiwekwa pamoja, haikuambii fulani bin fulani atakufa lini. Na kuanguka kutoka ghorofani hakuangalii umebana kilo 60. Ila wachukue mafundi wawili wa umri mmoja, kazi moja, maisha yale yale, mmoja anabana 45 mwingine 28, huyo wa 28 ningependa kujua kuna nini mwilini mwake. Sukari? TB ya chinichini? Hali chakula cha kutosha? Anakunywa halafu anasahau kula?

Ndio maana halisi ya kipimo hiki. Kubana ni kama geji ya mafuta kwenye dashibodi, ukiusukuma mshale kwa kidole tangi halijai. Kinachopimwa sio kiganja. Ni misuli ya mwili mzima, mishipa ya fahamu inayoiamrisha, chakula unachokula, magonjwa uliyonayo, na muda unaokaa bila kutikisika, vyote vinajionyesha kwenye ule mbano mmoja kwa sababu mkono ndio sehemu rahisi kupima. Paja ungelipimaje foleni ikiwa ya watu arobaini?

Na hapa hapa Tanzania kuna kitu kilifanyika. Baada ya 1994 wakimbizi wa Rwanda walipokuwa Karagwe, Kagera, watafiti waliwapima kubana wazee zaidi ya 800 wa kuanzia miaka 50, matokeo yakachapishwa 2002. Waliokonda, wenye msuli mdogo mkononi, walibana kidogo hata ukishaondoa suala la umri, jinsia na urefu. Njaa ilionekana kwenye kiganja. Hilo peke yake linanitosha mimi kusema kila kituo cha afya kingekuwa na hicho kidude.

Bi_Zuhura_Unguja

Assalaam alaykum. Mie nna suali, mama yangu ana miaka 72, zamani tui la nazi akikamua yeye hutoi tena hata tone kwenye lile chicha, siku hizi akikamua mie nachukua lile chicha nakamua tena napata nusu kikombe. Tukamwambia bibi we kaa basi sie tutafanya. Ndo hayo unoyasema?

Koleo

Waalaykum salaam dada Zuhura. Ndiyo hayo hayo, na umenipa mfano ambao hata hospitali hatuna. Kukamua tui ni dainamomita ya nyumbani. Kukamua nguo nzito, kufungua mfuniko wa chupa, kusonga ugali wa watu kumi, kukamua ng'ombe kwa wale wa Moshi na Njombe, kushikilia bomba la daladala dereva akikanyaga breki. Mtu akianza kuyakwepa hayo moja moja hasemi "nimedhoofika". Anasema mfuniko umekazwa sana siku hizi, sufuria limekuwa kubwa, daladala anapanda akiona kuna siti tu.

Sasa niseme lile nililowaahidi, na najua kuna watakaonirukia. "Mama kaa, sisi tutafanya." Hii ndio sentensi inayowamaliza wazee wetu, na tunaisema kwa mapenzi kabisa, kwa heshima, jirani akipita akimkuta mama anachota maji tunaona aibu watasema watoto hawana adabu. Tunamleta mjini kutoka kijijini, kule alikuwa analima robo eka, anapanda kilima kwenda kanisani au msikitini, anakata majani ya ng'ombe. Hapa mjini tunampa kochi, rimoti, na binti wa kazi wa kumletea chai. Mwaka haujaisha anashindwa kunyanyuka kwenye choo cha kuchuchumaa, tunasema uzee umemwingia. Uzee ulikuwepo hata kule kijijini, tulichokiongeza sisi ni kochi.

Kuna jaribio lilifanyika Marekani, likatoka 2007. Wazee wazima wa afya, wastani wa miaka 67, walilazwa tu kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Siku kumi. Misuli ya miguu ikapungua karibu kilo nzima. Sasa fikiria mzee wako amelazwa na malaria au nimonia wiki mbili, akirudi nyumbani mnamwambia apumzike mwezi mzima "arudishe nguvu". Nguvu hazirudi kitandani.

Mjaluo_wa_Tarime

Hapo kwenye kochi umenigusa, mzee wangu ndio hivyo hivyo kabisa, tulimtoa Shirati kwa furaha zote.

kipepeo_mweusi

Mimi sikubaliani kihivyo. Mama zetu wamebeba kuni na maji miaka 50, migongo imekwisha, magoti yamekwisha, leo mtu amepata kupumzika mnataka arudi kubeba ndoo? Hii inaitwa kuwaza kama mtu wa jimu. Kuna wazee wanadhoofika kwa kazi nyingi na chakula kidogo, sio kwa kochi.

Koleo

@kipepeo_mweusi upo sahihi na nafurahi umelisema wewe. Wazee wa kwetu wako makundi mawili na dawa zao ni tofauti. Kuna anayefanya kazi ngumu kuliko chakula anachokula, huyo anakonda na msuli unaliwa, ukimwongezea mazoezi unamuua, huyo mpe chakula kwanza, mpunguzie mzigo. Na kuna wa kochi. Mjini wengi ni wa kochi, ila kipo kituko, unamkuta wa kochi na bado hali chakula kinachofaa, tumbo kubwa mkono mwembamba. Unene haumaanishi msuli upo. Mama wa kilo 85 anaweza kubana 13.

Na sijasema abebe ndoo kichwani. Hata kwa kipimo chenyewe kichwani haina faida kwa kiganja, shingo ndio inaumia.

DaktariNjaa

Tupe namba mkuu, tubane tujue tupo wapi. Na mashine zinauzwa wapi?

Koleo

Namba ndio hizi ila zichukueni kwa akili.

Waingereza walikusanya vipimo vya watu karibu 50,000 kutoka tafiti 12 wakazichapisha 2014. Mwanaume wa katikati anafika kilele kwenye miaka 29 hadi 39, kilo 51. Mwanamke 26 hadi 42, kilo 31. Baada ya hapo inateremka, mwanzoni polepole halafu inaanza kukimbia. Kundi la wataalamu wa Ulaya linaloshughulika na sakopenia, yaani kupungua kwa misuli na nguvu uzeeni, linasema mwanaume chini ya kilo 27 na mwanamke chini ya 16 hiyo ni dhaifu, tafuta sababu. Wenzao wa Asia mwaka 2019 waliweka 28 na 18.

Afrika sasa. Kwenye takwimu za PURE watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini walikuwa juu, Afrika na Asia Kusini chini. Urefu, uzito, lishe ya utotoni, vyote vinaingia. Kwa hiyo ukimchukua bibi mfupi wa kilo 45 kutoka Same ukamwambia wewe ni mgonjwa kwa sababu umebana 15, unaweza ukawa unamtisha bure. Mimi kazini namba ya kwanza siitilii maanani sana kama anatembea vizuri na anajihudumia. Ninachoogopa ni ya pili. Mwaka jana 24, mwaka huu 17, hapo nasimamisha kila kitu.

Mashine: ile ya haidroliki inaitwa Jamar, ndio iliyotumika kwenye tafiti nyingi, ni ya mahospitali na bei yake inauma. Zipo za kielektroniki za bei rahisi mtandaoni, kwa kujilinganisha mwenyewe na mwenyewe zinafaa. Kama unapima: kaa kwenye kiti, nyayo chini, kiwiko karibu na ubavu kimekunjwa kama herufi L, kifundo kimenyooka, bana kwa nguvu zote, usizuie pumzi. Mara tatu kila mkono kwa kupokezana, unachukua kubwa kuliko zote. Mkono wa kulia kwa wanaotumia kulia huwa na zaidi kidogo, usishtuke.

Kamau_wa_Voi

Niko Kenya lakini nawafuata hapa. Huku kwetu wahawkers wanauza vile vya kubana vya springi kwa traffic, shilingi kidogo tu. Nikinunua nikabana kila siku kwa matatu si namba itapanda? Alafu niishi miaka mingi, sindio?

Fundi_Sugu

😂😂 Kamau anataka kuhonga kifo.

Koleo

😂 Namba itapanda Kamau, ndio ule mshale unaousukuma kwa kidole. Utakuwa na mkono mzuri wa kusalimia na mapaja yale yale. Mtu haanguki bafuni kwa sababu kiganja ni dhaifu, anaanguka kwa sababu paja limeshindwa kumkamata alipoteleza. Nyonga ikivunjika kwenye miaka 75 hapo tunaongea habari nyingine kabisa.

Ila sivilaani, vina kazi yake. Aliyetoka kwenye kiharusi, aliyetolewa plasta, tunawapa. Na kuna tafiti za kubana kwa kushikilia kuhusu presha: unabana kama theluthi ya nguvu zako zote, dakika mbili, unapumzika, mara nne, siku tatu kwa wiki, baada ya wiki kadhaa presha inashuka kiasi. Ni nyongeza tu, dawa zinabaki pale pale, na kama presha yako iko juu sana ongea kwanza na daktari wako.

Dada_wa_Kinondoni

Mimi sina mashine na siendi kununua. Mama yupo hapa na mimi, 68. Nifanye nini leo leo nijue?

Koleo

@Dada_wa_Kinondoni kiti na simu vinatosha. Kiti kigumu cha mezani, sio sofa, kiegemee ukuta kisiteleze. Mama akae, mikono aikunje kifuani, asimame wima kabisa na kukaa mara tano kwa haraka anayoiweza, wewe unahesabu kwa saa ya simu. Ikizidi sekunde 15, au akashindwa bila kujisukuma kwa mikono, hiyo ni dalili ya nguvu ndogo kwa vipimo hivyo hivyo vya Ulaya. Simama karibu naye asije akaenda chini.

Halafu muulize maswali matano, kila moja jibu ni hapana shida (0), shida kidogo (1), shida sana au hawezi (2). Kunyanyua na kubeba kitu cha kilo nne na nusu, mfuko wa unga wa kilo tano unatosha kufikiria. Kutembea chumbani mpaka upande wa pili. Kunyanyuka kitini au kitandani. Kupanda ngazi kumi. La tano ni ameanguka mara ngapi mwaka uliopita: hajaanguka 0, mara moja mpaka tatu 1, nne na kuendelea 2. Jumla ikifika 4 mpeleke akaangaliwe.

Kuhusu kuanguka muulize vizuri, kwa upole, ukiwa naye peke yenu. Wazee wanaficha. Atakuambia "niliteleza tu" na ukimbana ameteleza kila mwezi.

Mjaluo_wa_Tarime

Chakula je mkuu. Mzee wangu asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana wali kidogo, jioni uji. Anasema tumbo halitaki vitu vizito.

Koleo

Hapo ndipo penyewe. Hicho ni chakula cha wanga mtupu, msuli haujengwi na mkate. Mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana kwa kila kilo ya mwili, wataalamu wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Mzee wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72 kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Piga hesabu ya chai ya rangi na mkate uone.

Na sisemi nyama kila siku, najua bei. Dagaa wakavu wasage uweke kwenye mboga, wana protini kuliko watu wanavyodhani na mifupa yao ina kalisi. Uji ni mzuri ila usiwe maji na sukari, tia maziwa, tia karanga zilizosagwa. Mtindi. Choroko, kunde, mbaazi za nazi. Gawanya kwenye milo yote, msisubiri jioni. Meno yaangalieni pia, kuna mzee anakataa nyama mnasema hana hamu ya kula kumbe hana meno ya kutafunia na anaona aibu kusema. Tahadhari moja tu, mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

Bi_Zuhura_Unguja

Ahsante kaka. Sasa nimrudishie kukamua tui?

Koleo

Mrudishie dada, tena kesho. Usimwambie ni mazoezi, mwambie la kwako halitoki vizuri. Wewe kaa pembeni ukune nazi.

Kwa wengine wote: WHO kwenye miongozo yake ya 2020 wanasema mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwa wazee mazoezi ya nguvu pamoja na ya kusimama imara bila kuyumba siku tatu. Kwetu naanza hivi. Kusimama na kukaa kwenye kiti, mwanzoni akijisaidia kwa mikono, baadaye bila. Kubeba vidumu viwili vya lita tano, kimoja kila mkono, vyenye maji nusu, anatembea uani kwenda na kurudi, mgongo umenyooka. Hapo kiganja, bega, kiuno na miguu vyote vipo kazini kwa mara moja. Akizoea unaongeza maji. Kukamua taulo lililolowa. Kusimama mguu mmoja kashika meza. Kama hachoki kidogo basi ni mepesi mno, ongeza.

Atakayesema mama yangu mzee sana kwa hayo mambo, mwaka 1990 pale Boston walichukua wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 90, wakawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki nane. Nguvu za paja ziliongezeka kwa asilimia 174, zaidi ya mara mbili na nusu ya walipoanzia. 1994 wakarudia kwa watu 100 wa wastani wa miaka 87, wiki kumi, nguvu ikaongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 87! Na sisi tunamstaafisha mtu wa 62.

kipepeo_mweusi

Hapo kwenye 90 nimenyamaza. Ila swali la kizushi, kuna mtu mkono unakufa ganzi usiku anaangusha vikombe, huyo naye abebe vidumu?

Koleo

Sio la kizushi, ni la maana kuliko yote hapa. Sio kila mkono dhaifu ni misuli kupungua.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inamwamsha usiku anakung'uta mkono: mara nyingi ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, wajawazito, wenye sukari na wanaoshinda kwenye cherehani wanaupata sana. Unatibika. Viungo vya vidole vimevimba, asubuhi vimekakamaa saa nzima na zaidi: fikiria baridi yabisi, awahi kliniki kabla vidole havijapinda. Mikono yote imekuwa mizito, vifungo vya shati vinamshinda na kutembea kumeanza kuyumba: shingo iangaliwe haraka.

Na mkono mmoja ukiishiwa nguvu GHAFLA, hata kama uso haujapinda, hata kama baada ya dakika kumi umerudi sawa, hicho ni kiharusi mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo. Msimkande, msimpake mafuta, msisubiri kuche. Kila saa inayopita ubongo unapotea.

Dada_wa_Kinondoni

Nimemfanyia mama sasa hivi kwenye kiti. Sekunde 19 na ile ya mwisho alijisukuma kwa mkono, anacheka anasema kiti kifupi. Maswali amepata 3. Kuanguka amekubali mara moja, bafuni, hakuwahi kutuambia.

Koleo

Dada hongera kwa kupima na pole. Hajafika 4 lakini sekunde 19 na kuanguka bafuni vinatosha kwangu. Wiki hii mpeleke kituoni wapime sukari, damu, na presha akiwa amekaa halafu akiwa amesimama, maana ikishuka sana akisimama ndio inayowaangusha wengi. Peleka dawa zake ZOTE kwenye mfuko, za hospitali, za duka na za mitishamba, kuna dawa zinaleta kizunguzungu. Macho yaangaliwe. Bafuni weka bomba la kushikia ukutani na kitu kisichoteleza chini, fundi wa mtaani anafunga ndani ya saa moja.

Kama hawajakuta kitu cha kumzuia, aanze kiti, mara nane hivi kisha apumzike na kurudia, siku tatu kwa wiki, na yai au maharage kila siku. Baada ya wiki sita mpime tena kiti kile kile, asije akakisingizia tena ufupi.

MtotoWaMama88

@Fundi_Sugu unafunga hayo mabomba ya bafuni? Nipo Mbagala.

Fundi_Sugu

Nafunga mkuu. Ukuta wa tofali au wa jipsamu? Wa jipsamu sifungi, mzee akiliegemea linatoka nalo. Njoo PM.